Kuonja ku Lupango: Juu ya Nini Tunaona Haya ya Munkoyo Yetu?

Katika vijitabu vya utamaduni vya huku kwetu tumekwisha kusoma juu ya makishi, juu ya majina ya mapacha, juu ya mahari, juu ya viti vya wafalme na ngoma zao. Ni vizuri. Lakini juu ya kinywaji tunapita mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya yule anayemdai. Tunaandika mstari mmoja tu: «Bankambo walikuwa wanakunywa pombe», kisha tunageuza ukurasa.

Mimi ninasema huo ni uvivu, na nyuma ya uvivu kuna haya. Kwenda ku lupango ya mama mpishi wa munkoyo, kukaa watu wanne ao watano chini ya muembe, kupewa kilauri cha kuonja, kusema neno juu ya ladha yake, kuuliza habari za nyumba, kisha kununua ao kutonunua: hiyo ni mila kamili. Ina kanuni zake, ina heshima zake, ina walimu wake. Inakufa mbele ya macho yetu hapa Manika na katika Kolwezi yote. Na wanaoiua mbele ya wote si wageni. Ni sisi tuliosoma.

1. Mila yenyewe iko namna gani

Wale ambao wamezaliwa mu site wanajua, lakini tuiandike kwa sababu watoto wetu hawajui tena.

Munkoyo inapikwa na bunga ya mahindi na mzizi. Mama anapika uji, anauacha upoe mpaka unakuwa vuguvugu, hauunguzi tena mkono. Hapo anatia mizizi iliyotwangwa mpaka imekuwa kama nyuzi. Mizizi hiyo ni ya mimea ya porini. Wanasayansi wanaiweka hasa katika jamii wanayoiita Rhynchosia. Kisha inatokea ajabu ambayo kila mtoto wa zamani aliitazama na macho yake: uji mzito unalegea, unakuwa maji, na unakuwa mtamu pasipo mtu kutia sukari. Si bulozi. Mzizi una nguvu ya kugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, kazi ile ile ambayo kiwanda cha bia kinaifanya na shayiri iliyooteshwa. Watafiti wa Zambia, ndugu zetu wa ngambo ya pili ya mpaka wanaokunywa munkoyo kama sisi, walichunguza jambo hilo, na utafiti wao ulichapwa mwaka 1997. Lakini bankambo wetu hawakungojea mwaka 1997.

Siku ya kwanza munkoyo ni tamu. Mtoto na mgonjwa wanakunywa. Siku ya pili inaanza kuchacha, na wazee wanasema sasa njo munkoyo. Siku ya tatu inashika kichwa kidogo. Mama mpishi anajua saa. Anajua pia kibuyu kipi kinaharakisha, kwa sababu kibuyu cha zamani kinatunza ndani ya ngozi yake chachu ya mapishi yaliyopita. Ndiyo maana munkoyo ya lupango hii si sawa na munkoyo ya lupango ile, hata kama bunga ilinunuliwa ku duka moja. Mkono, maji, mzizi, kibuyu: kila nyumba na ladha yake.

Na kuonja kuna adabu. Mwenye kupika anakunywa wa kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili kuonyesha kwamba ndani ya kikombe hakuna neno baya. Mgeni anapokea na mikono miwili. Hameze mbio, anauacha ulimi ufikiri. Ikiwa haikumpendeza, hasemi «ni mbaya», anasema «mama, leo imekimbia», ni kusema imechacha kupita kiasi, na mama mwenyewe anacheka, anaeleza sababu: jua, mvua, mizizi ya zamani. Watu wanaongea. Habari ya kilio inatoka pale, habari ya ndoa inatoka pale, magomvi ya majirani yanasawazishwa pale. Kwa watu wa makabila mengi ambao kazi ya mgodi iliwakusanya hapa, Wasanga, Walunda, Wandembo, Wachokwe, Waluba na wengine, lupango ya mpishi ilikuwa shule ya kuishi pamoja. Kila mmoja alikuja na jina lake: mmoja anaita pombe walwa, mwingine malwa, mwingine maluvu kama ni ya mnazi wa mawese. Kikombe kilikuwa kimoja.

2. Munkoyo si lutuku

Neno la kwanza ambalo wapinzani wanatupa ni hili: «Unataka kurudisha watu mu bulevi.» Tulijibu wazi.

Watu wanatia vitu vitatu ndani ya mfuko mmoja: munkoyo, pombe nzito ya nafaka ambayo tunaita kibuku, na lutuku. Hivyo si ndugu wa tumbo moja. Munkoyo ni chakula kinachokunywika. Kibuku ni pombe, inalevya, lakini ni pombe ya kukaa na ya kugawanya. Lutuku ni mvuke: mahindi na mihogo vinavunda, vinachemshwa, mvuke unapita ndani ya mrija, unatoka mkali kama moto. Mtu anaumeza amesimama, anakunja uso, anaondoka. Hakuna kuonja kwa lutuku. Hakuna mazungumzo. Kuna haraka tu ya kusahau.

Mimi sitetei lutuku. Nimeona, kama kila mtu wa hapa, vijana wa machimbo wanaoanza siku nayo mbele ya kushuka mu shimo, na sitaki kuficha ubaya huo chini ya kitambaa cha mila. Ubaya unaongezeka pale mtu anapopika ndani ya pipa asilojua lilibeba nini mbele. Hapa kwetu, mji wa asidi na dawa za kusafisha madini, bidoni inayouzishwa ku soko inaweza kuwa imebeba sumu.

Lakini tutazame historia kidogo. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, mataifa ya Ulaya na wenzao walitia sahihi mkataba uliokataza pombe kali za biashara zisiingizwe wala zisitengenezwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Ubelgiji ilikuwa ndani. Katika kampi za wafanyakazi vilevile, mkubwa wa kampi hakupenda kuona mwanamke anageuza bunga ya posho kuwa pombe: mume alipashwa kuamka saa ya kengele. Kwa macho ya mkubwa huyo, chungu chote cha mwanamke mweusi kilikuwa chungu cha hatari. Hakutofautisha. Sasa mkubwa wa kampi amekwenda tangu zamani, na sisi tumeyachukua macho yake tukayavaa kama miwani. Polisi akipita leo mu lupango, anauliza mama wa munkoyo na mama wa lutuku ulizo moja, na anawatoza wote wawili feza. Na mtu wa diplome akipita, anakunja pua kwa wote wawili.

Kama kweli tunachukia lutuku, tungesaidia munkoyo. Kijana asiyekuwa na mahali pa kukaa na wakubwa, pa kunywa polepole kitu chepesi, atakwenda pa kunywa mbio kitu kikali.

3. Wengine wanafanya nini na vyungu vyao

Hapa njo panaponiuma. Mwenzetu akipata safari ya Ubelgiji, akirudi anatusimulia namna alivyopelekwa mu kijiji fulani, ku nyumba ya familia inayopika bia tangu baba wa babu, namna walivyomweleza habari ya maji na chachu, namna kila bia ina kilauri chake. Anasimulia na heshima. Akienda Cape Town, anapanda basi mpaka Stellenbosch, analipa feza ili kuonja vidonge vitatu vya mvinyo ndani ya nyumba ya mkulima, na anakubali kuambiwa jinsi ya kunusa mbele ya kunywa. Mtu huyo huyo, umwambie: «Twende ku mama fulani, nyuma ya soko, tuonje munkoyo ya leo», atakuuliza kama umepatwa na homa.

Lakini vitu hivyo anavyovistaajabia vilianza vidogo. Njia ya mvinyo ya Stellenbosch ilianza mwaka 1971 na wakulima watatu tu, waliokubaliana kufungua milango ili watu waje kuonja. Wageorgia, taifa dogo la milima, wanatia zabibu ndani ya mitungi mikubwa ya udongo ambayo wanaizika chini ya nyumba. Familia nyingi zina wake, na mgeni hawezi kutoka bila kuonja. Mwaka 2013 UNESCO iliandika ufundi huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mwaka 2016 ikaandika vilevile utamaduni wa bia wa Ubelgiji. Ndiyo, Ubelgiji! Wale wale ambao wakubwa wao wa kampi walimwaga vyungu vya mama zetu, wao vyungu vyao wameviandikisha kama hazina ya dunia. Siwalaumu kwa hilo, wamefanya vizuri. Ninauliza tu: sisi tumefanya nini na vyetu?

Na tusiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Huko Tanzania, ku Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro, Wachaga wanawaonjesha wageni mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi. Mchaga hamwombi mgeni radhi kwamba chungu chake si chupa.

Sisi wa Lualaba tunafanyaje? Siku ya sherehe ya utamaduni tunaalika wacheza ngoma, tunavaa raffia, tunatoa hotuba juu ya bankambo. Kisha inakuja saa ya kunywa, na mlango unafunguliwa: makreti ya Simba na ya sukari ya chupa. Sina chuki na Simba, ni bia ya Katanga nayo, ina historia yake. Lakini sherehe ya mila ambayo kinywaji chake chote kimetoka ku kiwanda ni kama kilio kisichokuwa na machozi.

4. Hawakuonja

Wako wanaosema mila ya kinywaji haina uzito wa kuandikwa, kwamba historia yetu ni ya wafalme. Basi tuende ku wafalme.

Kila Mlunda aliyelelewa na wazee wake amesikia habari ya Lueji. Masimulizi yanatofautiana, lakini mfupa wa habari ni huu. Baba yake Lueji alikuwa anasuka mkeka. Kando yake kulikuwa chungu cha maji ya kulowesha nyuzi, na maji yalikuwa yamegeuka meupe. Watoto wake wanaume, Kinguri na Chinyama, wakafika, wakaona weupe ule, wakadhani ni pombe ya mawese ambayo mzee anawanyima. Wakamtukana, wakampiga. Lueji ndiye aliyemhudumia. Mbele ya kufa, mzee akampa binti ule lukano, kikuku cha ufalme, na wale vijana wawili wakaupoteza. Kutoka kwa Lueji na mume wake Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba, dola la Mwant Yav lilipata umbo lake.

Watu wanasema habari hii inafundisha heshima kwa wazazi. Ni kweli. Lakini mimi ninaona na jambo lingine: Kinguri na Chinyama walihukumu chungu na macho. Hawakuonja. Kama mmoja wao angechota kidogo, akatia ku ulimi, ugomvi ungekwisha pale pale, na ufalme ungebaki mkononi mwao. Luc de Heusch, Mbelgiji aliyechunguza masimulizi ya Waluba na ya Walunda, kitabu chake cha mwaka 1972 alikiita «Mfalme mlevi». Mtaalamu wa Brussels aliona kwamba kikombe kiko mu mizizi ya madaraka yetu. Sisi wenye habari tunaiona haina uzito!

5. Nani anapoteza

Mila hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa inatoa karibu tani 470 000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka 2003 uzalishaji wa kampuni haukufika hata tani 30 000, na katika mwaka ule na uliofuata wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Nani alilisha watoto katika miaka ile? Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao, alionyesha namna mamlaka ya baba mwenye mshahara yalivyobomoka ndani ya familia za wafanyakazi. Mama wa nyumba alitafuta: mboga, makala, maandazi, munkoyo. Wengi wetu tunaoandika leo na kalamu nzuri, minerval yetu ililipwa na kibuyu. Tunapoona haya ya munkoyo tunaona haya ya mkono uliotusomesha.

Na leo mama huyo anabanwa pande zote. Mzizi unapatikana mbali zaidi, kwa sababu pori linakatwa makala na vilima vinazungushiwa uzio. Lupango yenyewe si salama: Kasulo tuliona watu wanachimba ndani ya nyumba zao, na mwaka 2017 sehemu ya kartie ikazungushiwa ukuta, familia mia kadhaa zikahamishwa. Muembe ukikatwa, kikao kinakufa. Aliyebaki anapashwa kubeba munkoyo yake ndani ya chupa za plastiki za zamani, kuitembeza ku barabara ndani ya vumbi la malori, kuiuzisha kwa mtu anayekunywa akitembea. Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kizuri chetu kinalazimishwa kujitembeza.

6. Neno kwa watu wa dini

Ninajua kwamba wengi kati ya wasomaji ni watu wa kanisa, na baadhi ya makanisa yetu yanakataza kila kileo. Anayeshika ahadi hiyo ninamheshimu. Lakini kukataa kunywa ni jambo moja, kudharau mama anayepika ni jambo lingine. Munkoyo ya siku ya kwanza wanakunywa hata watoto wa Sunday school, na hakuna mchungaji aliyewafukuza. Basi mtu wa kanisa anaweza kufika, akakaa, akaonja ile tamu, akasalimia, akaenda. Kikao ni kikubwa kuliko kileo.

7. Tufanye nini

Polemiki isiyokuwa na pendekezo ni kelele. Mimi ninapendekeza mambo manne.

La kwanza: katika kila sherehe ya utamaduni, kikombe cha kwanza kiwe munkoyo iliyopikwa na mama anayejulikana, na jina lake litajwe mbele ya watu kama tunavyotaja mpiga ngoma. Alipwe bei yake kamili, si «asante ya mila».

La pili: turudishe matembezi. Watu wachache, si zaidi ya sita, siku inayojulikana, ku lupango ambayo mwenyewe amekubali. Tupeleke watoto wetu. Mpishi aonje wa kwanza kama ilivyo desturi. Na tuwe waangalifu: wageni wa makampuni wakitaka kuja, waje nyuma yetu, si mbele yetu. Siku ambapo kikao kitakuwa mchezo wa kupigwa picha, na majirani wamefukuzwa ili mgeni apate nafasi, tutakuwa tumekiua kwa njia nyingine.

La tatu: usafi bila aibu. Bidoni iliyobeba asidi, mafuta ao dawa isiguse kinywaji cha watu, hata ikioshwa mara kumi. Chungu, kibuyu, ndoo safi ya chakula. Hapa bamama wenyewe ni wakali kuliko sisi. Wanaokosa ni wafanyabiashara wa haraka. Na tuseme wazi mbele ya wakubwa wa komini: mama wa munkoyo si mama wa lutuku, asitozwe feza ya kosa ambalo hakufanya.

La nne: tuandike. Kila kabila la hapa lina majina yake ya mzizi, ya kibuyu, ya povu, ya ladha ya siku ya pili. Maneno hayo yako katika vichwa vya wazee wa miaka sabini na themanini. Yakienda nao, hatutayapata ku kitabu cha nani. Ninawaomba wanamemba wa Kisanga, wa Kilunda, wa Kindembo, wa Kichokwe na wa Kiluba, kila mmoja alete kwa kijitabu kinachofuata upishi mmoja ulioandikwa kutoka kinywani mwa mama mpishi, na majina yote katika lugha yake.

Atakayekuja na karatasi tupu, akisema kwao hakuna kitu cha kuandika, tumwulize ulizo moja tu: ulikwenda kuonja?